Supavaiza asema Likert ni odinali, mwenzangu asema piga t-testi tu. Nishike lipi?

binti_tudor

Habari za jioni wadau, poleni na joto. Nafanya masta ya saikolojia hapa Mombasa, niko sura ya nne na nimekwama hii wiki ya pili sasa. Utafiti wangu ni wa msongo wa mawazo kwa kina mama wanaouza mboga na matunda soko la Kongowea. Nlipata mama 38, nikawapa lile dodoso la msongo la Cohen la maswali 10 (kila swali wajibu 0 hadi 4, jumla yaenda 0 hadi 40), halafu tukakaa wiki sita, kila Jumanne mchana soko likipoa twafanya mazoezi ya kupumua na kuzungumza, mwisho nikawapa dodoso lile lile tena. Nlilitafsiri mimi na rafiki yangu. Majibu tuliyaweka hivi: kamwe, nadra, wakati mwingine, mara kwa mara, mara nyingi sana.

Sasa supavaiza aniambia majibu ya Likert (haya ya kuchagua ngazi, kamwe hadi mara nyingi sana) ni odinali (yana mpangilio tu) kwa hivyo wastani haufai, t-testi (ya kulinganisha wastani mbili) haifai, nitumie Mann-Whitney (yaangalia madaraja badala ya wastani). Mwenzangu aliyemaliza mwaka jana yeye aniambia kila mtu hupiga t-testi na hakuna anayeuliza. Nimesoma vitabu vitatu, viwili vina jedwali kabisa, nominali enda kai-skwea, odinali enda Mann-Whitney, intavali na resho enda t-testi ama ANOVA, na cha tatu chasema jedwali hilo mtu asilifuate kama sheria. Nikifungua SPSS, ile programu ya takwimu, nako naona skeli (aina za vipimo) ziko tatu tu ilhali kitabuni ni nne. Yaani kila mlango nikibisha napewa jibu lake.

Data nyingine nlizonazo: hali ya ndoa (1 hajaolewa, 2 ameolewa, 3 ameachika, 4 mjane), saa anayoenda kulala, na masaa anayolala kwa usiku. Naomba mtu anieleze nielewe, sitaki kuambiwa bonyeza hapa bonyeza pale, maana siku ya kutetea nitaulizwa kwa nini.

---

mwalimu_wa_namba

Binti Tudor ahsante kwa kueleza kwa urefu, wengi huuliza testi bila kusema wamepima nini.

Nianze na chanzo, maana ukijua ugomvi ulitoka wapi jedwali halitakutisha. Mwaka 1932 jumuiya ya sayansi ya Uingereza iliunda kamati ya wanafizikia na wanasaikolojia, waseme kama hisia za mtu, mfano sauti anavyoisikia kuwa kubwa ama ndogo, zaweza kupimwa kikweli. Walivutana mpaka 1940 na hawakuafikiana. Skeli mojawapo iliyokuwa ikigombaniwa ilikuwa ya S. S. Stevens, mwanasaikolojia wa Harvard. Basi 1946 Stevens akaandika makala fupi kwenye jarida la Science, akasema kupima ni kuvipa vitu namba kwa kufuata kanuni, na kanuni zikiwa tofauti skeli nazo zawa tofauti. Hapo ndipo zilipotoka hizi nne zetu, nominali, odinali, intavali na resho. Kwa hivyo ni jambo la saikolojia tangu mwanzo, hatukuletewa na watu wa hesabu.

Swali lake ukilishika umeshika yote: namba zako waweza kuzibadilisha kiasi gani na maana isiharibike?

Hali ya ndoa waweza kumpa mjane 1 na aliyeolewa 4, ama 17, hakuna kitu kimeharibika, kama jezi za Bandari FC, mwenye 10 hana mara mbili ya mwenye 5. Hiyo nominali. Ukiniletea wastani wa hali ya ndoa 2.3 hakuna mama hata mmoja soko zima anayeelezwa na namba hiyo. Hapo wahesabu tu wangapi wako wapi, na ukitaka kulinganisha makundi ndio kai-skwea.

Odinali ni foleni ya feri Likoni. Gari la kwanza, la pili, la tatu. Wajua nani mbele ya nani lakini hujui wameachana kwa kiasi gani, la pili laweza kuwa limebanana na la kwanza halafu la tatu bado liko kule juu barabarani.

Intavali ndio watu hukosea sana, na sisi tuna mfano mzuri kuliko ule wa selsiasi ulio vitabuni, ni saa yetu. Saa mbili asubuhi na saa nne asubuhi. Je, saa nne ni maradufu ya saa mbili? Kwa Kiswahili yaonekana ni maradufu, lakini saa ya mkononi imeandika 8 na 10, maradufu imeenda wapi? Haikuwepo. Sufuri yetu iko alfajiri na ya Mzungu iko usiku wa manane, zote mbili ni za kukubaliana tu. Kitu ambacho hakibadiliki ni kwamba kati ya hizo saa kuna masaa mawili, ukisoma kwa Kiswahili ukisoma kwa Kizungu. Masafa yako sawa, sufuri ni ya kupangwa. Na masaa ya kulala sasa ni resho, mama aliyelala masaa 8 amelala mara mbili ya aliyelala 4, hapo sufuri ni kweli hakulala.

Ukifika kwenye saa ya kwenda kulala chunga sana. Mama mmoja alala saa tano usiku, mwengine saa saba usiku. Ukiingiza kwenye kompyuta kwa saa ya Kizungu ni 23 na 1, wastani wake 12, yaani saa sita mchana. Kwa saa yetu ni 5 na 7, wastani 6, saa sita usiku, sahihi kabisa. Lakini usidhani yetu ni salama siku zote, wakiamka mmoja saa kumi na moja alfajiri na mwengine saa moja asubuhi, 11 na 1 zakupa 6, nayo si kweli. Dawa ni kuchagua sufuri moja, mfano magharibi, na kuhesabu masaa kutoka hapo bila kurudi mwanzo. Nimeona ripoti zenye kosa hili zimepita na mihuri juu.

Kuhusu SPSS, intavali na resho wameziweka fungu moja kwa sababu testi nyingi za kawaida hazizitenganishi.

Sasa Likert. Supavaiza wako hakosei akisema jibu moja moja ni odinali. Tazama mfano mdogo. Kundi A wamejibu 2, 2, 2. Kundi B wamejibu 0, 1, 4. Wastani wa A ni 2, wa B ni 1.67, A wako juu. Sasa nani alisema "mara nyingi sana" lazima iwe 4? Tuipe 10, mpangilio haujavunjika, bado ni kubwa kuliko zote. B wawa 0, 1, 10, wastani 3.67. Sasa B wako juu! Hakuna mtu aliyebadilisha jibu lake, ni mimi nlibadilisha namba. Mediani (jibu la katikati ukiyapanga) lakini imetulia, A ni 2, B ni 1, kabla na baada. Ndio maana Stevens akasema odinali baki na mediani, na waliomfuata wakaongeza testi za kupanga madaraja.

---

kaka_bamburi

Mwalimu nimeipenda hiyo ya saa, sikuwahi kuifikiria hivo. Lakini naomba kupinga, kwa heshima.

Testi yenyewe haijui namba imetoka wapi. Mwaka 1953 Frederic Lord aliandika kisa kuhusu profesa aliyekuwa akigawa namba za jezi za mpira kwa mashine, timu ya mwaka wa kwanza wakalalamika wamepewa namba ndogo mno wachekwa na wenzao. Jezi ni nominali, kitabu chasema wastani marufuku. Profesa akaenda kwa mtu wa takwimu, yule akapiga wastani bila wasiwasi na kuonyesha kwamba namba ndogo kiasi hicho haziwezi kuangukia kwa bahati tu. Profesa alipomwambia hizi si namba za kujumlisha, jibu lake ni kwamba namba zenyewe hazijui hilo.

Halafu la pili, dada hana swali moja, ana jumla ya maswali 10. Likert mwenyewe 1932 alivyoanzisha mtindo huu alikuwa akijumlisha majibu ya maswali mengi, hakusema ukae na swali moja. Jumla ya 0 hadi 40 ina hatua 41, na makosa ya swali moja moja hupunguzana. Watu wamejaribu haya kwa kompyuta mara nyingi, de Winter na Dodou 2010 walichukua maswali ya hatua tano, wakalinganisha t-testi na Mann-Whitney kwa maumbo mengi ya data, na kwa sehemu kubwa zikatoa majibu yanayofanana. Norman naye mwaka huo huo akaandika kuwatetea wanaotumia testi za parametriki (za wastani, kama t-testi) kwenye Likert.

Kwa hivyo dada, jumla yako iweke wastani, mkengeuko wake (namba zimetawanyika kiasi gani), piga t-testi ya jozi (ya watu wale wale mara mbili), endelea na maisha. Kitu cha kuangalia ni tofauti ya kabla na baada kwa kila mama, hizo tofauti ndizo ukague kama zimeegemea sana upande mmoja ama kuna mama mmoja ameenda mbali peke yake. Watu hukagua data nzima nzima wakati t-testi ya jozi yaangalia tofauti tu.

---

bi_hojaji

Samahanini naingilia, nimefanya kazi ya kuuliza watu maswali nyumba kwa nyumba Mombasa hii miaka mingi, Kisauni, Changamwe, Likoni, kote. Nimesoma hapo juu na nyote wawili mwalinganisha mapishi kabla ya kuonja kama chumvi ni chumvi.

Binti yangu, kwanza hilo la Mann-Whitney. Hata tukikubali kila neno la Stevens, bado si testi yako. Mann na Whitney 1947 ni ya makundi mawili ya watu tofauti. Wewe una mama wale wale mara mbili. Ukiitumia wawafanya mama 38 kuwa 76 wasiojuana, na ule uhusiano wa mama na nafsi yake waupoteza wote, ambao ndio nguvu ya utafiti wako. Mwambie supavaiza kwa adabu, pengine aliposikia Likert jedwali lilimjia kabla ya kuuliza data ilikusanywa vipi. Skeli ni swali moja tu, kuna mengine mawili yatangulie, wataka kujua nini na watu uliwapanga vipi.

Basi watakuambia Wilcoxon ya jozi, ya 1945. Sawa, lakini itazameni kwa karibu, haiko odinali kama wengi wanavyodhani. Mama mmoja ameshuka kutoka 30 hadi 25, mwengine kutoka 12 hadi 8. Wilcoxon hupanga tofauti zenyewe, yaani yasema kushuka 5 ni kukubwa kuliko kushuka 4. Umejuaje? Kama hatua za juu ya skeli ni fupi na za chini ni ndefu, huenda huyu wa pili ndiye aliyepata nafuu zaidi. Anayesema "mimi sitaki kudhani masafa yako sawa" halafu akakimbilia Wilcoxon, amedhani tayari. Ukitaka odinali tupu kabisa ni testi ya alama, wahesabu tu wangapi wameshuka, wangapi wamepanda, waliobaki pale pale wawaweka kando.

La pili ndilo lililonifanya niandike. Tafsiri yako. "Wakati mwingine, mara kwa mara, mara nyingi sana." Mwanangu, nlikuwa Kisauni siku moja nauliza maswali ya aina hii, mama mmoja akikata sukuma, kisu hakisimami, nikamsomea majibu yote matano. Akasita, kisu mkononi, akaniuliza, "Mara kwa mara na mara nyingi, ipi kubwa?" Nikamwambia yeye aonavyo. Akasema, "Kwangu mara kwa mara ni kila saa, haikatiki. Mara nyingi ni nyingi, lakini yakatika." Nikatoka pale nikauliza nyumba ya pili, huyo akanigeuzia, mara kwa mara kwake ni mara moja moja tu, leo ipo, kesho kutwa ipo. Na wote ni Waswahili wa kuzaliwa, na wote wako sahihi, maana neno lenyewe labeba yote mawili.

Sasa nyie mwabishana kama masafa kati ya 3 na 4 yako sawa na kati ya 1 na 2. Mimi nauliza, 3 iko chini ya 4 kweli? Kama nusu ya mama wameiweka juu, hiyo si intavali, na si odinali vilevile. Stevens alisema kanuni ya kutoa namba, na kanuni haikai kwenye karatasi yako, ikaa kichwani mwa anayejibu. Ile ya Kizungu wamesema "mara kadhaa hivi" na "mara nyingi sana", wao haiwachanganyi.

Fanya hivi, si kazi kubwa. Andika majibu yako matano kwenye vikadi vitano, herufi kubwa, enda Kongowea, wachanganyie, mwambie kila mama avipange mezani kutoka chache kabisa hadi nyingi kabisa. Usimsaidie. Asiyesoma msomee. Mama kumi na mbili watosha kukuonyesha kama kuna tatizo. Piga picha meza, usipige picha uso.

---

kaka_bamburi

Bi Hojaji, hii ya Wilcoxon nimesoma mara mbili na ni kweli, sikuwahi kuona hivo. Na ya kadi siipingi. Ile ya Lord nayo nikiifikiria tena, swali la profesa lilikuwa kuhusu mashine, je, namba zimegawanywa kwa bahati. Hakuwa anauliza nani mchezaji bora. Kwa swali la mashine wastani wa jezi una maana. Kwa msongo wa mama hatuulizi kuhusu karatasi, twauliza kuhusu yeye. Bado nasema t-testi hufanya kazi vizuri ikiwa jumla imesimama, lakini nakubali kusimama kwake ni kitu cha kuonyeshwa.

---

mwalimu_wa_namba

Niongeze moja tu upande huo, maana yale majaribio ya kompyuta ya 2010 yasije yakachukuliwa kuwa yamefunga kesi. Liddell na Kruschke 2018 walionyesha kwamba ukichukua data ya odinali ukaitendea kama intavali waweza kupata tofauti ambayo haipo, ama kukosa iliyopo, na mara nyingine mwelekeo ukageuka kabisa, hata kwa wastani wa maswali kadhaa. Hutokea zaidi pale makundi yametawanyika kwa kiasi tofauti. Njia yao ni modeli za odinali, jamii ya zile McCullagh alizoziandika 1980, ambapo mipaka kati ya jibu na jibu haipangwi nawe, yakadiriwa kutoka kwenye data. Kwa masta na watu 38 sikulazimishi, ila ujue ipo, ukiulizwa usikae kimya.

---

binti_tudor

Wadau nimerudi. Jumamosi nlienda na vikadi.

Nlitumia mama 12, tisa kati yao walikuwa kwenye utafiti wenyewe. Meza ilikuwa ni kreti ya nyanya imegeuzwa chini juu. Kamwe na nadra hakuna shida, wote 12 waliziweka chini kwa mpangilio. Wakati mwingine ikafuata, wote. Hapo juu ndio mambo. Mama sita waliweka mara kwa mara halafu mara nyingi sana kama dodoso langu. Watano waliweka mara kwa mara juu kabisa. Mmoja alizishika zote mbili mkononi kama anapima uzito, akaniambia hizi ni kitu kimoja umeandika mara mbili, akazipandanisha.

Nlikaa pale nimeinama kwenye kreti sijui niseme nini. Miezi minane ya kazi. Nimelia kidogo njiani kwenye tuktuk, nasema ukweli.

Bi Hojaji sijui nikushukuru vipi, bora nimejua sasa kuliko siku ya kutetea. Lakini nifanye nini na data niliyonayo? Siwezi kuanza upya wiki sita.

---

bi_hojaji

Usilie mwanangu, kazi haijapotea. Umepata kitu ambacho watafiti wengi wamepita juu yake hawakukiona, kiandike kwenye ripoti, sura ya tatu, na matokeo ya kadi yote.

Data yako: mama wote 12 wamekubaliana kwamba hizo mbili ziko juu ya wakati mwingine. Kwa hivyo mpangilio umevunjika ndani ya hizo mbili tu. Ziunganishe. 3 na 4 zote ziwe 3. Kila swali sasa laenda 0 hadi 3, jumla 0 hadi 30. Wapoteza urefu kidogo lakini unachobakiza ni odinali ya kweli.

Chunga hapa: lile dodoso lina maswali manne ya upande mzuri, la 4, la 5, la 7 na la 8, yale ya kujisikia unaweza mambo, ambayo hugeuzwa kabla ya kujumlisha. Unganisha kwanza ndipo ugeuze, na kugeuza sasa ni 3 kutoa jibu, si 4 kutoa jibu. Ukigeuza kwanza, "mara nyingi sana" yawa 0 na "mara kwa mara" yawa 1, halafu ukija kuunganisha 3 na 4 utakuwa umeunganisha nadra na kamwe, yale usiyotaka kuyagusa.

Halafu endesha njia zote mbili, ya asili na ya kuunganisha, zote uziandike hata zikipingana.

---

mwalimu_wa_namba

Naunga mkono. Na andika leo, kabla hujafungua kompyuta, testi ipi ndiyo kuu na ipi ni ya kuangalizia. Ukijaribu nne halafu uchague iliyokupendeza, hapo Stevens wala Lord hawawezi kukuokoa.

---

mtu_wa_tononoka

Nimekuwa nikisoma tu. Naomba kuuliza swali ambalo pengine ni la kando, hao mama hawakuwa na kundi la kulinganisha? Kama dodoso la kwanza lilikuwa kabla ya Ramadhani na la pili baada ya Idi, msongo wa soko wabadilika wenyewe bila mazoezi ya kupumua.

---

binti_tudor

Kaka wa Tononoka, si la kando hata kidogo. Dodoso la kwanza lilikuwa wiki ya kwanza ya Ramadhani, la pili wiki ya tatu baada ya Idi. Sikuwa na kundi la kulinganisha. Nimeliandika kwenye mapungufu na nimebadilisha jina la sura, sisemi tena "athari ya mazoezi", nasema "mabadiliko ya msongo kabla na baada".

Nliandika mapema kama mwalimu alivyosema: testi kuu ni ya alama, kwa jumla iliyounganishwa. T-testi ya jozi ya kuangalizia.

Kwa namba za asili, mama 27 wameshuka, 9 wamepanda, 2 wako pale pale. Baada ya kuunganisha, 25 wameshuka, 8 wamepanda, 5 hawakusogea. Testi ya alama njia zote mbili yatoa p chini ya 0.01, yaani kama hakuna mabadiliko, tofauti kubwa hivi ingetokea kwa bahati chini ya mara moja kati ya mia. T-testi nayo yaenda upande huo huo. Kwa hivyo sijaangukia pabaya, lakini nimeona wale watano, watatu kati yao walikuwa wamehesabiwa wameshuka ama wamepanda kwa sababu tu ya kuhama kati ya mara kwa mara na mara nyingi sana, yaani huenda hakuna kitu kilichobadilika kwao ila neno.

Saa ya kulala nimeihesabu kutoka magharibi. Hali ya ndoa nimeiondolea wastani, kulikuwa na 2.4 pale jedwali la kwanza, aibu.

Supavaiza nlimpelekea picha ya vikadi kwenye kreti kabla ya kumpelekea namba. Alinyamaza kidogo kisha akaniuliza, "Na dodoso la wasiwasi tulilotumia sisi mwaka juzi, majibu yake yalikuwa maneno haya haya?" Nikamwambia sijui. Amenipa nakala, nimeangalia, ni yale yale. Kesho kutwa twaenda naye Kongowea na vikadi.

Bi Hojaji, swali la mwisho. Kwa dodoso jipya nikitaka kuyaacha haya maneno, niulize siku ngapi kati ya siku saba?

---

bi_hojaji

Ndio, siku ngapi kati ya saba zilizopita, na mpe vidole ama mbegu za ukwaju saba azitenge mwenyewe. Hiyo ni hesabu, sufuri yake ni sufuri. Ila usiite tena kuwa ni dodoso lile la Cohen, maana ukishabadilisha majibu ni kipimo kingine na chataka kukaguliwa upya. Na Jumanne usiende saa tatu, wanashusha mizigo. Enda saa nane.